Kukamata na kuhesabu samaki na viumbe wadogo kwenye ardhi oevu yenye majani: mwongozo kamili

Wavu wa kukokota ukiingizwa kwenye matete haufiki mbali. Kamba yake ya chini inapanda juu ya mashina, samaki wanapita chini yake, na mwishoni unatoka na lundo la majani lenye visamaki vitatu ndani. Ukiandika "watatu" kwenye daftari, umeandika habari za wavu. Kinamasi chenyewe hujakigusa.

Majani ndiyo yanayowavuta samaki wadogo, konokono, kamba na lava wa wadudu wajae pale, na majani hayohayo ndiyo yanayokwamisha kila kifaa unachotumia kuwahesabu. Kila kifaa kinachukua baadhi na kuacha wengine, na wanaoachwa wanaongezeka kadiri majani yanavyokuwa mazito. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inarudi palepale: jua kifaa chako kinaacha nini kabla hujaamini idadi kiliyokupa.

Ninaposema "viumbe wadogo" nina maana ya wanyama wa majini wasio na uti wa mgongo wanaoonekana kwa macho: lava wa kereng'ende na wa nzi, mende wa maji, kunguni wa maji, konokono, ruba, kamba wa maji baridi, minyoo ya tope na jamaa zao.

Swali kwanza, kifaa baadaye

Wengi huanza na kifaa kilichopo stoo, halafu wanatafuta swali la kukitumia. Geuza mpangilio huo. Ukitaka orodha ya spishi tu, tumia vifaa vya aina nyingi, muda mfupi kila kimoja, ndani ya kila aina ya majani. Hapo kifaa cha nne kitakuongezea spishi kuliko sampuli ya arobaini ya kifaa kilekile. Ukitaka kujua wapo wangapi kwa mita ya mraba, unahitaji kifaa kinachofunga eneo unalolijua ukubwa wake, kisha unalimaliza lote: mtego wa kurusha kwa samaki, bomba au sanduku kwa viumbe wadogo. Ukitaka kulinganisha tu, mwaka huu na mwaka jana, au upande uliofyekwa na usiofyekwa, mitego ya kuvizia, yaani ile unayoilaza ukasubiri mnyama aingie mwenyewe, inaweza kutosha, mradi majani ya pande zote mbili yafanane. Yasipofanana, unalinganisha majani.

Mitego ya kuvizia inanasa na watafiti pia. Anayeingia ni yule aliyetembea, kwa hiyo idadi iliyomo ni zao la mambo mawili: wapo wangapi, na wanazunguka kiasi gani. Maji yakipoa, samaki hutulia na mitego ikatoka mitupu bila hata mmoja kufa. Samaki mla wenzake akitangulia kuingia, wadogo hawakaribii tena. Na ndani ya majani mazito samaki hana njia ndefu ya kuogelea, hivyo hukutana na mdomo wa mtego mara chache kuliko mwenzake aliye kwenye uwazi. Asiyelijua hili ataandika kwamba samaki wanapenda uwazi.

Soma kinamasi kabla ya kulowa

Zunguka eneo lote siku moja bila kukamata chochote. Gawa majani katika makundi matatu: yaliyosimama juu ya maji kama matete na mafunjo, yanayoelea kama yungiyungi na gugu maji, na yaliyozama. Kila kundi litakuwa na sampuli zake na hesabu yake.

Pointi za kuchukulia sampuli zichaguliwe kwa bahati nasibu ukiwa mezani, namba za nasibu juu ya ramani, kabla hujaona mahali penyewe. Ukisubiri mpaka ufike, miguu itakupeleka penye kupitika, na penye kupitika ndipo penye majani haba. Pointi ikiangukia pasipofikika, andika hivyo na uchukue inayofuata kwenye orodha. Usisogee "kidogo tu" kando.

Uliza au tafuta historia ya maji: lini eneo lilikauka mara ya mwisho, na maji yalirudi lini. Kinamasi kilichojaa wiki sita zilizopita huwa na viumbe waliokuja kwa mabawa na wale waliovumilia ukavu wakiwa mayai au wamejizika kwenye tope. Kilichokaa na maji miaka mitatu mara nyingi kina samaki wakubwa wanaokula wengine, na hao hubadilisha kila kitu. Bila tarehe hizo, tofauti kati ya vinamasi viwili utaisingizia sababu isiyo yake.

Kwenye kila pointi pima kina cha maji, unene wa tope, joto, oksijeni iliyoyeyuka, upitishaji umeme na pH. Oksijeni ipime alfajiri. Mimea huitoa mchana na kuitumia usiku, hivyo kipimo cha saa nane mchana kinaweza kupendeza ilhali kabla ya jua kuchomoza maji yalikuwa karibu matupu. Kipimo cha alfajiri ndicho kitakachokuambia kama samaki watakaolala ndani ya mtego wataamka.

Sampuli ngapi? Anza na za majaribio, sita hadi kumi, upate wastani na varianti, yaani kipimo cha mtawanyiko. Kisha gawa varianti kwa zao la vitu viwili: wastani uliozidishwa kwa wenyewe, na kiwango cha usahihi unachotaka, nacho kimezidishwa kwa chenyewe. Tuseme wastani ni samaki 20 kwa mtego, varianti 160, na unataka kosa sanifu, yaani kiasi ambacho wastani wako huweza kuyumba kati ya seti moja ya sampuli na nyingine, lisizidi asilimia 20 ya wastani. Hesabu ni 160 ÷ (400 × 0.04) = 10. Mitego kumi kwa kila kundi la majani. Viumbe wa kinamasi hukaa kwa mafungu, kwa hiyo varianti huzidi wastani, mara nyingi kwa mbali, na ndiyo maana sampuli nyingi ndogo hufaa kuliko chache kubwa zinazochukua saa zilezile za kazi. Kumbuka pia kwamba mitego kumi ndani ya kinamasi kimoja inaeleza kinamasi hicho kimoja. Ukitaka kusema neno kuhusu vinamasi kwa jumla, hesabu yako ni ya vinamasi, si ya mitego.

Mtego wa kurusha

Kama ningeruhusiwa kifaa kimoja tu kwa samaki wadogo ndani ya majani, ningechukua hiki. Ni sanduku lisilo na kifuniko wala sakafu: fremu ya mraba ya mita 1 kwa mita 1, kimo cha sentimita 60 hadi 75 au zaidi kidogo kulingana na kina cha maji, kuta zake ni wavu wenye macho ya milimita 1.5 hadi 2. Fremu hutengenezwa kwa mabomba membamba ya alumini au shaba, na ya chini huwa nzito ili izame upesi. Kimetumika miaka mingi kwenye Everglades, kusini mwa Florida huko Marekani, ambako kufuatilia samaki wadogo kwa kifaa hikihiki kumewezesha miaka kulinganishwa. Kinafaa kwa samaki wasiozidi sentimita 8 hivi na maji yasiyozidi mita moja.

Kazi huenda hivi:

1. Ikaribie pointi polepole, watu wawili, dhidi ya upepo ikiwezekana, na simama mita mbili au tatu kabla yake. Subiri dakika chache. Kivuli na mtikisiko wa tope huwatawanya samaki kabla hata hujarusha.

2. Rusheni kwa pamoja, mtego uanguke ukiwa bapa. Ukitua upande mmoja kwanza, hesabu hiyo imeharibika. Nenda pointi nyingine badala ya kuurudia palepale.

3. Mara moja mmoja aukandamize chini mpaka fremu ya chini iingie kwenye tope. Pitisha mkono kuzunguka pande zote nne. Shina moja lililolala chini ya fremu linaacha mlango mkubwa kuliko unavyodhani.

4. Pima kina pembe nne na katikati. Kadiria asilimia ya uso wa maji iliyofunikwa na majani, kwa kila spishi ya mmea, na hesabu mashina yaliyosimama. Hili lifanyike sasa, kwa sababu hatua inayofuata inaharibu ushahidi.

5. Ng'oa au kata mimea yote iliyo ndani. Kila konzi itikise juu ya maji yaliyo ndani ya mtego, kisha iweke kwenye ndoo ukaichambue: konokono na lava hawaachii kwa kutikiswa. Majani yenyewe yapimwe uzito, au yakaushwe nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike tena.

6. Ingiza wavu bapa wenye upana uleule wa mtego, uliofungwa kwenye fimbo mbili. Uanzie ukuta mmoja, uburute ukigusa chini mpaka ukuta wa pili, uinue, utoe samaki. Rudia kutoka pande tofauti. Endelea mpaka upate miburuto mitatu mfululizo isiyo na samaki. Ukipata mmoja kwenye mburuto wa tatu, hesabu ya mitatu inaanza upya.

7. Maliza kwa wavu wa mkono kwenye pembe na kando ya kuta, humo ndimo samaki wa tope wanapojificha.

Mtego mmoja kwenye majani mazito unaweza kula saa nzima ya watu wawili. Anayekuahidi ishirini kwa siku ama ana maji matupu, ama anaruka hatua ya sita.

Sasa pima kifaa chenyewe. Kuna hasara za aina mbili. Ya kwanza ni samaki waliokimbia kabla mtego haujatua. Ya pili ni waliokuwa ndani lakini hukuwatoa. Ya pili inapimika kirahisi: chukua samaki wachache wa eneo hilohilo, wakate kipande kidogo cha pezi wawe na alama, waachie ndani ya mtego uliokwisha kufungwa kabla ya kung'oa majani, kisha ufanye kazi kama kawaida. Ukiachia 20 ukarudisha 16, unatoa asilimia 80. Rudia kwenye majani haba na kwenye majani mazito, kwa spishi inayoogelea juu na kwa spishi ya tope, maana mara nyingi majibu yatatofautiana. Hasara ya kwanza ni ngumu zaidi: huhitaji kuzungushia kipande kikubwa cha kinamasi, kurusha mitego ndani yake, kisha kuwatoa samaki wote wa kipande hicho na kulinganisha.

Mtego huu haufai kwenye zulia zito linaloelea, kwenye vichaka vya miti, wala kwa samaki wakubwa wenye mbio. Kwa majani magumu mno kuna jamaa zake wawili. Mmoja huning'inizwa juu ya maji na kuachiwa uanguke kwa kuvuta kamba kutoka mbali. Wa pili hulazwa sakafuni, kuta zimekunjwa, ukaachwa siku moja au zaidi samaki wazoee, kisha kuta zikainuliwa ghafla. Huo wa pili una ila yake: kitu kigeni sakafuni huwa kivuli na maskani, na samaki hukifuata.

Dema, chupa na nyavu za mfuko

Dema dogo la waya lenye macho ya milimita 6 hivi na midomo miwili ya faneli, tundu lake sentimita 2.5, ni rahisi na huingia hata penye majani mazito. Lilaze jioni, litoe asubuhi, andika saa kamili za pande zote mbili. Hesabu ni samaki kwa mtego kwa usiku, na usijaribu kuigeuza iwe kwa mita ya mraba. Usiweke chambo kama unalinganisha mahali na mahali, kwa sababu harufu husafiri tofauti kwenye maji yanayotembea na yaliyotuama.

Jambo moja usilisahau: acha sehemu ya mtego juu ya maji. Kambare na samaki wengine wanaovuta hewa, kasa, nyoka wa maji na vyura wazima hufa maji mtego ukizama wote, na hata samaki wa kawaida huhitaji kufika juu oksijeni inaposhuka alfajiri.

Kwa viumbe wadogo wanaoogelea, mtego wa chupa hufanya kazi nzuri kwa gharama ndogo. Kata theluthi ya juu ya chupa angavu ya plastiki ya lita 2, igeuze iingie ndani kama faneli, ishikize, ifunge kwenye kijiti na uilaze mlalo chini kidogo ya uso wa maji kwa saa 24, ukiacha kiputo cha hewa ndani. Mende wa maji, kunguni wa maji na viluwiluwi huingia kwa wingi. Tatizo ni karamu inayofanyika humo: lava wa mende wa maji na wa kereng'ende huwala wenzao usiku kucha, na asubuhi unakuta watatu walioshiba. Kufupisha muda hadi saa 12 hupunguza hasara hiyo.

Samaki wakubwa zaidi huhitaji wavu wa mfuko wenye pete, mabawa mawili, na ukuta mrefu wa wavu unaowaongoza mdomoni. Uweke kwenye ukingo wa majani, ukuta ukielekea ndani ya majani kwa pembe mraba, mdomo ukiwa umezama, na ncha ya mfuko ikiinuliwa juu ya maji kwa ajili ya wavuta hewa. Kwenye ardhi oevu za pwani ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini ndio kifaa cha kawaida cha samaki, huachwa usiku mmoja. Nao pia unapima matembezi, si msongamano.

Uvuvi wa umeme nitaupitia haraka. Hufaa kwa samaki wakubwa kwenye mifereji na madimbwi yaliyo wazi. Ndani ya majani mazito samaki waliozimia hubaki wamenaswa kwenye mashina bila kuonekana, na maji yenye upitishaji umeme wa chini sana au wa juu sana huharibu matokeo. Kinachozidi yote, umeme ndani ya maji huua watu. Asiye na mafunzo, kibali na kikosi asiguse.

Viumbe wadogo: wavu wa D, bomba na mkasi

Hakuna kifaa kimoja kinachofika juu ya maji, kwenye mashina na ndani ya tope kwa pamoja. Panga vitatu.

Wa kwanza ni wavu wa mkono wenye umbo la D, upana sentimita 30, macho ya mikroni 500, yaani nusu milimita. Simama mahali pamoja, sukuma wavu mbele yako kwa urefu wa mita 1 ukigonga mashina kuanzia karibu na tope kupanda juu, kisha urudishe upesi juu ya njia ileile uwakamate walioachia. Urefu huo mmoja ni kama mita za mraba 0.3, mitano huunganishwa kuwa sampuli moja ya 1.5. Usiuzamishe kwenye tope: ndoo ya matope meusi itakugharimu nusu siku ya kuchambua na itakuongezea minyoo michache ambayo bomba lingeileta bila taabu. Wavu huu hupima nusunusu. Mkono wa mtu mmoja si mkono wa mwingine, kwa hiyo wafanyakazi wabadilishane maeneo, na jina la aliyeshika wavu liandikwe kwenye fomu.

Wa pili ni wa wale waliong'ang'ania mimea. Fremu ndogo ya mraba au bomba pana lililo wazi pande mbili hushushwa juu ya mimea mpaka tope, mimea iliyo ndani inakatwa chini kwa mkasi na kuinuliwa taratibu moja kwa moja kwenye mfuko, kisha maji yaliyobaki ndani yanachotwa yote kwa wavu mdogo. Mimea inaoshwa, inakaushwa na kupimwa. Hapo unaweza kuandika idadi kwa mita ya mraba ya ardhi na pia kwa gramu 100 za mmea mkavu. Namba hizo mbili zinaweza kutoa hadithi zinazopingana, na zote zikawa kweli: majani yaliyogawanyika kama manyoya hubeba viumbe wengi kwa eneo kwa sababu yana uso mwingi, ilhali kwa kila gramu huenda hayana cha ajabu.

Wa tatu ni bomba la tope. Kipenyo cha sentimita 10 hufaa. Likandamize sentimita 10 ndani ya tope, ziba juu kwa kiganja au kizibo, vuta, chekecha kwa mikroni 500. Penye mizizi migumu noa ukingo wa chini uwe kama kisu, uzungushe huku ukikandamiza. Eneo lake ni mita za mraba 0.00785 tu, maana yake mnyoo mmoja unaoupoteza kwenye chekeche ni minyoo 127 kwa mita ya mraba. Chukua mabomba mengi.

Vibao vya kupandisha viumbe, yaani sahani kadhaa za ubao mgumu zilizopangwa kwa nafasi kwenye skrubu moja, huachwa majini wiki nne hadi sita. Vinasaidia kulinganisha maeneo kwa sababu kila mahali pana kibao kilekile, lakini vinakuonyesha nani anapenda kibao.

Kuua, kuhifadhi, kuandika

Samaki unaowatambua hapohapo wapimwe na warudishwe. Pima urefu sanifu, kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa uti wa mgongo, pezi la mkia lisihesabiwe. Ndoo iwe kivulini, maji yabadilishwe. Wale wa kuhifadhiwa wauawe kwanza kwa dawa ya usingizi iliyozidishwa, ama MS-222 iliyotulizwa kwa magadi ya bikaboneti, ama mafuta ya karafuu. Mafuta ya karafuu hayachanganyiki vizuri na maji, hivyo yachanganywe kwanza na ethanoli, sehemu moja kwa tisa. Kumtia samaki hai kwenye fomalini ni ukatili.

Fomalini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya ile ya dukani kwa sehemu tisa za maji, hugandisha nyama ya samaki vizuri. Itulize kwa borax isile mifupa. Samaki mnene mpasue tumbo kidogo upande wa kulia, kwa sababu vipimo na picha huchukuliwa kushoto. Baada ya siku kadhaa suuza kwa maji na uhamishie ethanoli ya asilimia 70. Fomalini husababisha saratani: glavu, miwani, na mahali penye hewa. Ukihitaji vinasaba, usiiguse kabisa. Kata kipande cha pezi ukitie kwenye ethanoli ya asilimia 95 kabla ya yote.

Viumbe wadogo waingie moja kwa moja kwenye ethanoli. Majani mabichi yana maji na hudhoofisha spiriti, kwa hiyo anza na ya asilimia 95, chupa isijae zaidi ya nusu, na ibadilishe kesho yake. Chupa nyingi za kinamasi zilizooza zimeozea hapo.

Lebo iwe ya karatasi isiyolowa, imeandikwa kwa penseli, na iwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu nyingi hufutika kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka. Andika mahali, tarehe, kifaa, namba ya sampuli, "1 kati ya 3" kama imegawanywa, na jina la mchukuaji.

Kuchambua mezani

Hapa ndipo miradi mingi hukwama. Kila siku moja ya uwandani ya wavu wa D inaweza kuzaa wiki ya mezani, na bajeti nyingi huliona hilo zikiwa zimeisha.

Suuza sampuli juu ya chekeche la mikroni 500, toa majani makubwa moja moja ukiyaangalia pande zote mbili. Tope na mchanga viweke kwenye ndoo, koroga, mimina maji ya juu kwenye chekeche mara tano au sita: wepesi wanaelea na kutoka, konokono, kome na wenye nyumba za mchanga wanabaki chini, kwa hiyo mabaki hayo yaangalie kwa macho kabla ya kuyamwaga. Maji ya sukari nyingi, gramu 300 hadi 400 kwa lita, huelesha lava na minyoo vizuri zaidi, konokono hawadanganyiki. Rangi ya rozi bengali ikitiwa kwenye chupa siku moja kabla huwapaka wanyama waridi, nao huonekana haraka kati ya vipande vya majani.

Sampuli ikiwa kubwa mno, itandaze sawasawa kwenye trei yenye miraba, chagua miraba kwa bahati nasibu, na chambua kila mraba mpaka uishe hadi ufikishe idadi uliyojiwekea, mathalani 300. Mraba wa mwisho umalize hata ukiwa umeshavuka. Kisha pitia miraba iliyobaki kwa jicho tupu kutafuta wakubwa na adimu, uwaandike kando wasiingie kwenye hesabu. Sampuli moja kati ya kumi ichambuliwe tena na mtu wa pili. Akipata zaidi ya asilimia 10 ya wanyama waliosahauliwa, zirudiwe zote za mchambuzi yule.

Hesabu

Wale wa mtego wa kurusha tayari ni kwa mita ya mraba. Kama uliweka rekodi ya kila mburuto peke yake, unaweza kukadiria waliobaki. Miburuto mitano ya kwanza ikitoa samaki 60 na mitano ya pili 20, makadirio ni 60 × 60 ÷ (60 − 20) = 90, maana yake kumi walibaki ndani. Hesabu hiyo inadhani kila samaki ana nafasi ileile ya kunaswa kila mara. Wa tope hawana nafasi hiyo, kwa hiyo itumie kwa wanaoogelea, na kwa wengine tegemea jaribio la alama.

Data hizi huwa na sifuri nyingi na mafungu makubwa machache. Badala ya kulazimisha wastani wa kawaida, tumia modeli ya mgawanyo wa bainomia hasi, unaoruhusu varianti kuzidi wastani kwa mbali, au angalau logi ya idadi ukijumlisha moja. Kina na wingi wa majani viingie kwenye modeli. Vikiachwa nje, vitarudi vikiwa vimevaa sura ya matokeo.

Usalama, na kinamasi kinachofuata

Hakuna kwenda peke yako. Suruali ya mpira ifungwe mkanda kiunoni ili ukianguka isijae maji, na fimbo itangulie mguu. Penye mamba au kiboko, kazi hii haifanyiki kwa miguu. Penye konokono wanaobeba kichocho, ngozi isiguse maji kabisa: glavu ndefu za bega na suruali isiyovuja, kwa sababu kimelea hupenya ngozi nzima bila jeraha.

Vibali vya kukamata wanyama vipatikane kabla, na nakala iwe ndani ya mfuko usiolowa, pamoja nawe.

Kabla ya kuhamia kinamasi kingine, toa kila jani na tope kwenye nyavu, suruali, ndoo na soli za viatu, osha kwa maji safi mbali na maji asilia, kisha kausha juani mpaka mishono yote ikauke. Mbegu za magugu, konokono wadogo na kuvu linaloua vyura husafiri kwenye unyevu huo mdogo. Kama ni lazima uingie kinamasi cha pili siku hiyohiyo, uwe na seti ya pili ya nyavu, na anza na kile unachokiona kuwa safi zaidi.